Kurudi Mirembe Bila Sare

Wanangu mnaosomea uuguzi, nyinyi wa UDOM kule milimani, wa St John's, wa Mvumi na wa vyuo vingine vya uwanda huu wa Dodoma, nisikilizeni kidogo.

Sonona mnaijua vizuri kwenye karatasi. Ukiulizwa dalili unazitaja bila kubabaika: huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kuharibika, kula kubadilika, kujiona hufai, kuwaza kifo. Maksi zote unapata. Kisha unarudi hosteli, unalala na sare mwilini, huli, huogi, na mwenzako akiuliza unasema umechoka tu.

Sonona haimfuati mvivu tu, wala asiye na imani tu. Huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume, na darasa la uuguzi limejaa mabinti. Mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua yuko karibu zaidi na hatari. Vilevile aliyetaka uhandisi akasukumwa uuguzi kwa kuwa mjomba alisema huko ajira hazikosekani. (Mjomba aje awaone wahitimu wanaosubiri ajira miaka sasa.)

Ila kwetu huku kuna la pesa. Tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Mvua ikikata Februari, alizeti inanyauka Kongwa, mtama unanyauka Bahi, na ada ya mtoto nayo inayumba. Baba anauza ng'ombe. Mtoto anajua ni ng'ombe yupi, hata rangi yake. Akipata sapu anajiona amemla yule ng'ombe bure, na simu za nyumbani anaacha kuzipokea. Mkiona mwenzenu anaiangalia simu ikiita mpaka ikate, msimpite.

Halafu wodi. Mtoto anafariki saa tisa usiku, unasaidia kuandaa mwili, asubuhi una mtihani wa famakolojia, na hakuna aliyekuuliza unaendeleaje. Baadhi ya wakubwa wa zamu humfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa wakidhani ndiyo kumkomaza. Hawamkomazi. Wanaongeza wagonjwa.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa mjini tangu miaka ya 1920, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi. Nyinyi mnakwenda pale kwa mafunzo ya afya ya akili, mna sare na daftari, mnazungumza na wagonjwa vizuri kabisa. Lakini kurudi siku nyingine bila sare, ukae benchi moja na wanaosubiri daktari, hilo hutaki hata kulisikia. Unaogopa atakayekufungulia faili ni mwanafunzi mwenzako. Hofu hiyo ina msingi, siidharau. Basi nenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, nenda Hospitali ya Mkoa, anza na mshauri wa wanafunzi kama unamwamini. Mweleze usingizi wako, chakula chako, madeni yako, na kama kuna pombe itaje. Omba upimwe na damu, maana upungufu wa damu nao huleta uchovu, na mabinti wengi mnao bila kujua.

Ukiandikiwa dawa, kumbuka ulichosoma: huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu. Wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifanyi kazi. Usiwe mmoja wao, wala usijiandikie mwenyewe kwa kuwa kabati la dawa unalifikia.

Na mwenzako akikwambia hataki tena kuishi, usimwache peke yake, hata kwa dakika za kwenda kuchota maji. Muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kama chumbani kuna anachoweza kujidhuru nacho, kiondoe. Mwamshe matroni hata saa nane ya usiku, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Atakuwa amekuapisha usimwambie mtu. Vunja kiapo hicho. Atakununia wiki nzima, pengine na muhula mzima, mwache anune.