Zaka, Elfu Mbili na Shoka la Yule Ansari

 

Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu, na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia. Kuna neno linalozunguka hapa mtaani kwetu Pipeline kila zaka inapokusanywa, kwamba ukimpa maskini pesa umemfundisha uvivu. Wengi wanaolisema wana mshahara kila mwisho wa mwezi. Leo tulipime neno hilo.

Anas bin Malik amesimulia habari za Ansari aliyekuja kwa Mtume kuomba. Akaulizwa nyumbani kwake kuna nini. Kulikuwa na nguo nzito, nusu wanajifunika na nusu wanaitandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi vyote viwili. Huyu akatoa dirhamu 1, yule akapanda hadi 2. Dirhamu ya kwanza ikainunulia familia chakula. Ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma mtu yule akakate kuni auze, asionekane kwa siku 15. Alirudi ana dirhamu 10.

Sisi tumezishika kuni tu. Tumesahau kwamba familia ilikula kwanza, na kwamba aliyehimiza kazi ndiye aliyetengeneza mpini. Kijana anayeamka alfajiri hapa, akatembea hadi Industrial Area kusimama kwenye geti la kiwanda akingoja kibarua, jioni akarudi mikono mitupu, huyo anamkosea nani? Kumwita mvivu ni dhuluma. Mnunulie mkokoteni, au mlipie ada ya kujifunza kushona, ndipo umuulize juhudi yake iko wapi.

Wapo pia ambao hatuwadai kazi kabisa. Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiombaomba. Akaamuru apewe riziki kutoka Baitul-Mal, hazina ya umma, kwa kuwa si haki mtu kutozwa kodi akiwa na nguvu kisha kutupwa akizeeka. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, nayo imeibebesha serikali jukumu la kumhifadhi asiyeweza kujikimu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unampa mzee aliyefika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Hapa Pipeline pesa hizo hazilipi hata kodi ya chumba kimoja. Nani atastarehe nazo?

Na huko kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly limekuwa likigawa pesa vijijini bila masharti, na watafiti wakawafuatilia waliopokea. Hawakuona watu wakiacha kazi. Waliona wengi wakihama vibarua na kuanzisha biashara zao. Mpini huo!

Sasa nije kwako, kijana mwenye afya. Nyanya yako akipokea zile 2,000, wewe ndiye unayeshika simu yake, na kabla ya Maghrib nusu imeingia kwenye mchezo wa kamari. Hiyo ni haramu juu ya haramu. Na wewe unayejiandikisha kwenye orodha ya zaka ya misikiti mitatu, wakati mkono wako mzima na kazi umeitiwa ukaikataa kwa sababu ina vumbi, jua kwamba kapu ni moja: ulichochukua kimetoka kwa mjane. Nabii Daud alikuwa mfalme, naye alikula kwa kazi ya mkono wake. Mpango wa serikali wa Kazi Mtaani ulipoanza 2020, vijana walizibua mitaro na kufagia vichochoro, na hakuna aliyepungukiwa heshima kwa kushika ufagio.

Lakini msifurahi sana, nyinyi wenye mishahara. Mama wa nguo amepanda ngazi hadi ghorofa ya saba kwa sababu lifti hakuna, amefua tangu asubuhi, nawe unamwambia aje Jumatatu. Jumatatu unamwambia mwisho wa mwezi. Kisha mkiwa kibarazani unalalamika kwamba maskini hawapendi kazi. Mtume ametuamuru tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Kamati ya zaka itakaa baada ya swala, pale kando ya mahali pa kutawadhia. Mwenye cherehani isiyotumika, au fundi anayeweza kuchukua mwanafunzi mmoja, aandikishe jina lake. Na anayedaiwa na mama wa nguo amlipe leo, kabla ya Alasiri.