Mtambo Uliobariki Watu



Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 mjini Wittenberg. Mwaka 2017, katika ukumbusho wa miaka 500 ya jambo hilo, Kanisa la Kiinjili la Hessen na Nassau, huko Ujerumani, liliweka katika mji huohuo roboti, yaani mtambo wenye kichwa na mikono, ulioitwa BlessU-2. Mtu alichagua lugha moja katika tano. Mtambo ukainua mikono, nuru ikang'aa viganjani, ukanena neno la Maandiko na kumbariki. Tena aliweza kupewa maneno hayo yamechapwa katika karatasi. Walioutengeneza hawakukusudia kuwaondoa wachungaji. Walitaka watu waulizane: Je, baraka yaweza kutolewa na mtambo?

Basi sisi nasi tuulize: ile ni baraka, au ni mchezo wa macho tu?

Tusijibu upesi. Sisi Walutheri twafundisha ya kuwa nguvu ya Neno haitoki katika wema wa mtumishi. Hata Biblia zetu zimechapwa kwa mitambo, na Neno lililomo ni la Mungu. Kwa hiyo, kama yuko mtu aliyesikia Neno pale, likamchoma moyo, tusimcheke.

Lakini mtambo hausikii ulisemalo. Haukutenda dhambi, wala haukusamehewa. Haujui kilio cha mfiwa. Watazameni rafiki zake Ayubu: siku saba, mchana na usiku, waliketi naye chini bila kusema neno, nao walimfaa hapo kuliko siku zote walizonena. Na Mungu alipotaka kutuokoa hakutuletea sauti tu; Mwana wake alitwaa mwili wetu, akalia machozi kwa ajili ya Lazaro.

Nanyi waalimu wa Injili, jambo hili latuhukumu sisi kwanza. Mara ngapi tumeinua mikono na kutamka baraka, huku mioyo yetu i mbali? Mara ngapi tumemwombea mgonjwa tukiwa mlangoni, kisha tukaenda zetu? Mtumishi wa namna hiyo amejifanya mtambo mwenyewe. Asistaajabu watu wakiupenda ule ung'aao kuliko yeye.

Basi, juma hili kila mmoja amwendee mgonjwa mmoja, aketi, amshike mkono, ndipo ambariki. Bwana atuondolee mioyo ya jiwe, atupe mioyo ya nyama. Amin.