Wageni Wanaokuja Kuangalia Nyumba



Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri kutoka Mambo ya Walawi sura ya 25, ile sura ya yubile. Wengi tulisema amina kwa sababu ya tarumbeta na uhuru. Lakini katikati ya sura ile kuna mambo ya mauzo, na sisi hapa Ifo mauzo tunayajua. Hakuna mwezi unaopita bila familia moja ya ushirika wetu kuuza nyumba. Mmoja kesi yake imefika, anaenda Kanada. Mwingine anahamia Kalobeyei. Mwingine amechoka kungoja, anarudi kwao. Na kila mara maswali ni mawili yaleyale. La kwanza: ni halali mtu wa Mungu kuuza nyumba iliyo juu ya ardhi ambayo si yake? La pili watu huliuliza kwa sauti ya chini, hasa akina mama: nitawavumilia vipi hawa watu wanaokuja kuangalia?

La kwanza nitalipitia haraka kidogo, la pili ndilo lenye uzito.

Kambi hizi zilianza 1991 na Ifo, halafu Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Kuna mtu amezaliwa hapa, ameolewa hapa, na sasa watoto wake wanasoma hapa, lakini hati ya kiwanja hana. Hata huu mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, unaotaka kambi zigeuke makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja, ni mpango tu, si hati. Na tumeona jinsi mambo yanavyoweza kuisha. Kambioos ilifungwa 2017, Ifo 2 ikafungwa mwaka uliofuata. Pale palipokuwa na nyumba na maduka pakabaki mchanga.

Sasa tunauza nini? Hebu mrudie ile sura, mstari wa 14 mpaka wa 16. Israeli hawakuruhusiwa kuuziana shamba lenyewe, kwa sababu Mungu aliwaambia wazi kwamba ardhi ni yake, na wao ni wageni na wapangaji kwake. Walichouziana ni mavuno. Miaka ikiwa mingi hadi yubile, bei inapanda. Ikiwa michache, bei inashuka. Mimi naona hapo jibu letu. Ukiuza nyumba Ifo unauza jasho: matofali ya udongo uliyofyatua mwenyewe, miti uliyonunua, ua wa mathenge uliokuchoma mikono, choo ulichochimba, mwarobaini uliomwagilia kwa maji ya foleni mpaka ukatoa kivuli. Na unauza miaka ambayo huyo mnunuzi atakaa hapo, ambayo hakuna anayejua idadi yake. Hicho ni chako. Ardhi si yako, na mabati uliyopewa na shirika kwa masharti, si yako mpaka umeuliza. Nenda kwa mwenyekiti wa bloku kabla hujataja bei. Ukimwambia mnunuzi, "Nakuuzia kiwanja," umemdanganya hata kama yeye mwenyewe anajua.

Basi, hilo limetosha. Sasa wageni.

Mtu ambaye hajauza nyumba anafikiri kazi ni kupata bei. Kazi ni kuangaliwa. Wanakuja asubuhi ukiwa hujapiga mswaki. Wanakuja saa saba jua likiwa kali, mtoto amelala. Anagonga mabati kwa kidole asikie kama yameoza. Anahesabu miti ya paa. Anainama kuchungulia chooni, anatoka amekunja uso. Anafungua pazia la chumba unacholala na mume wako, halafu anamwambia mwenzake, hapohapo mbele yako, "Hii ukuta tutaangusha." Ukuta huo una alama za mkaa ulizokuwa ukimpimia mtoto urefu kila Krismasi. Yeye haoni alama, anaona ukuta.

Na bado ni mgeni. Hapo ndipo akina mama wetu wanapochoka mara mbili, kwa sababu tumelelewa kwamba mgeni hatoki bila kunywa kitu. Watu saba kwa siku, chai mara saba, na sukari ni kidogo. Watatu kati yao hata hawanunui, ni majirani wamekuja kujua unauza ngapi ili wakapime za kwao. Unafagia mara ya pili, ya tatu. Unawagombeza watoto wasicheze ndani. Jioni mume anarudi anauliza, "Kuna aliyesema kitu?" na wewe unamjibu vibaya, mnalala bila kuongea. Nimewaona watu wa maombi kabisa, watu wa kufunga siku tatu, wakishindwa na wiki mbili za kuonyesha nyumba.

Kuna mahubiri nimewahi kusikia, si hapa kwetu, kwamba mtu anayehuzunika akiuza nyumba anafanana na mke wa Lutu, anaangalia nyuma. Mimi sikubali. Mke wa Lutu aliangalia nyuma Sodoma ikiwaka moto wa hukumu. Ifo si Sodoma. Hapa ndipo Mungu alipokutunza. Hapa uliombewa ukapona, hapa ulimzika mama yako. Mtu akilia anapoacha mahali pa kaburi la mama yake, asiambiwe ni mwili unaongea. Yakobo alikuwa Misri, anakula vizuri, anafia mikononi mwa wanawe, na neno lake la mwisho lilikuwa juu ya kaburi lililokuwa Makpela.

Kwa hiyo dada, si kwamba huna imani. Umechoka kwa sababu kila anayeingia anakuondoa kidogo kabla hujaondoka. Lakini kuna mambo yanaweza kupunguzwa, nami nimeyaona yakifanya kazi. Chagua saa moja tu kwa siku. Hapa saa nzuri ni baada ya swala ya alasiri ya majirani zetu, kabla ya magharibi. Jua limeshuka na wanaume wako huru. Anayekuja saa nyingine aambiwe kwa upole arudi saa hiyo. Jirani Msomali haoni hilo ni tusi, yeye mwenyewe hawezi kuingia nyumba ambayo mwanamke yuko peke yake. Atasimama nje apige hodi, na wewe ukimwambia mzee hayuko atakushukuru kwa kumhifadhi. Mzee wa kanisa au jirani mzee awepo saa hiyo ili mama asibebe maneno yote. Bei itajwe moja, na mtu mmoja. Sanduku la makaratasi, kadi na barua za kesi, lisiwe ndani ya hiyo nyumba kabisa. Na chai, jamani, chai si lazima. Maji baridi yanatosha, Bwana mwenyewe alikitaja kikombe cha maji.

Hayo ni ya mwili. Sasa tuje kwenye la dhamiri, maana katika kuonyesha nyumba ndipo tunapojaribiwa.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilijaza kambi. Kuna nyumba maji yalifika kitandani, vyoo vikabomoka, watu wakalala juu ya vichwa vya madarasa yaliyoinuka na pembeni ya barabara. Wazee wanakumbuka mafuriko ya 2006 pia, yaliyowahamisha watu wa Ifo. Sasa mtu anauza Februari. Ardhi imekauka, vumbi mpaka kwenye meno, na mnunuzi ametoka bloku ya juu, hajui kitu. Anauliza, au haulizi. Unamwambia?

Wako wanaosema, "Asipouliza si dhambi." Nimeifikiria sana hiyo. Katika Matendo 5, Petro alimwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata pesa baada ya kuuza zilikuwa zake. Hakudaiwa kutoa yote. Kilichomuua ni kuonyesha sehemu kana kwamba ni nzima. Na kuonyesha nyumba kavu kana kwamba ni kavu siku zote, tofauti yake ni nini? Mimi siioni. Mwambie maji yalifika wapi, mwekee kidole ukutani. Ndiyo, bei itashuka. Lakini wewe utakuwa Ottawa na heater, na yeye usiku wa mvua atakuwa anabeba mtoto kichwani akilitaja jina lako, na jina la kanisa lako. Majirani zetu wanajua sisi tunasali wapi.

Lakini tusimpige muuzaji peke yake. Ule mstari wa 14 unaongea na wote wawili, anayeuza na anayenunua, kwamba wasidhulumiane. Na dhuluma ya mnunuzi hapa kambini ina sura yake: kungoja. Kila mtu anajua basi linaondoka lini, majina yanabandikwa. Mnunuzi anakuja, anaipenda nyumba, anataja nusu, anaondoka. Anarudi baada ya siku tatu, anataja robo. Usiku wa mwisho anakuja na noti mbili tatu mkononi, kwa sababu anajua mabati hayapandi ndege. Mithali 20 inamjua mtu huyo kabisa: anaiponda bidhaa mbele ya mwenyewe, halafu akishafika kwake anajisifu. Ninachosikitika ni kwamba wengine wao tunapiga nao vigelegele Jumapili. Wanaiita baraka. Wanatoa hata ushuhuda!

Linganisha na Ibrahimu, Mwanzo 23. Naye alikuwa mgeni bila futi moja ya ardhi, na mkewe amelala maiti. Hapo yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Efroni akasema maneno ya heshima, kwamba shamba ni bure, kisha katikati ya heshima akaingiza shekeli mia nne. Ibrahimu hakubishana, akapima fedha mbele ya wazee wa mlango wa mji. Na Yeremia sura ya 32, yeye ni mnunuzi: mji umezingirwa na jeshi la Babeli, yeye mwenyewe kafungwa, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Wakati kama huo nani angemlaumu akisema, "Nitakupa mbili"? Alipima shekeli kumi na saba, akaandika hati, akaweka mashahidi. Hakutumia jeshi la Babeli kushusha bei.

Na kuna jambo moja zito zaidi, ambalo bado halijaniacha. Januari 2017 Marekani ilifunga mlango ghafla, na Wasomali kama 140 waliokuwa tayari kwenye kituo cha Nairobi, ndege inangoja, wakarudishwa Dadaab kwa basi. Januari 2025 safari zikasimamishwa tena. Kati ya waliorudi au kubaki wako waliokwisha kuuza vyote. Mtu anarudi na begi lake, anasimama mbele ya mlango uliokuwa wake, ndani kuna familia nyingine inakula. Aliyenunua hakuiba. Aliyeuza hakukosea. Nani alale nje?

Sheria ya kambi haimdai mnunuzi kitu. Lakini Walawi 25 mstari wa 29 inasema aliyeuza nyumba ya mji wenye ukuta ana haki ya kuikomboa ndani ya mwaka mzima. Mungu aliona mbali kwamba mtu anaweza kuuza na mambo yakabadilika kabla mwaka haujapita. Mimi nafikiri sisi kwa sisi, walio wa kanisa hili, tungeanza hivyo. Siku ya makubaliano iandikwe kwenye karatasi, mbele ya mwenyekiti wa bloku na mzee mmoja wa kanisa: safari ikikwama kabla ya muda fulani, pesa inarudi na nyumba inarudi, na mnunuzi analipwa alichotengeneza. Muuzaji naye asiile pesa yote kwa viatu na simu ya safari. Sehemu ikae kwa mtu wa kuaminika mpaka watu wapigie wakiwa wamefika. Wengine watasema hiyo itashusha bei zaidi. Inawezekana. Wengine watasema mnunuzi ana watoto pia, hawezi kuishi mwaka mzima akisubiri kufukuzwa. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana naona muda uwe mfupi kuliko mwaka, pengine miezi mitatu. Baraza la wazee litaketi juu ya jambo hili Jumatano baada ya maombi, na mwenye neno, hasa aliyewahi kununua nyumba ya mtu aliyerudi, aje aseme.

Wakati huohuo kuna nyumba mbili za ushirika zinaonyeshwa wiki hii, saa kumi jioni. Mashemasi wawili watakaa katika kila nyumba. Mwenye jagi la maji na vikombe vya ziada avipeleke kwa mama wa ushirika kabla ya Ijumaa.