Kujikinga na Maradhi Katika Vyuo Vikuu: Je, ni Upungufu wa Tawakkul?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, tumeletewa masuala matatu na kijana mmoja asomaye katika chuo kikuu cha hapa pwani. Aeleza kwamba yalizuka majadiliano bwenini mwao, na baadhi ya wenzake wakashikilia kwamba yote yaliyoamrishwa wakati wa korona, kuvaa barakoa, kukaa mbalimbali, kutenga wagonjwa na kufunga misikiti, yalikuwa ni uoga wa watu wasiokuwa na imani, na kwamba Mwislamu wa kweli hana haja ya kuyafuata yakirudi mara ya pili. Basi auliza: Je, kujikinga ni upungufu wa tawakkul? Tena, mwanafunzi ajionaye na dalili za maradhi ya kuambukiza, na mtihani umekaribia, yamlazimu kusema? Na mwisho, aliyetengwa afanyeje siku ya Ijumaa?

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya yamekwisha pita, tuyafukulie nini? Ni kweli kwamba sharti la kuvaa barakoa hadharani liliondolewa hapa Kenya Machi 2022, na Shirika la Afya Duniani likatangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya ulimwengu imekwisha. Walakini haukupita mwaka mmoja na nusu ila tukasikia, tarehe 31 Julai 2024, kwamba mgonjwa wa kwanza wa mpoksi, maradhi ambayo wengi waliyajua kwa jina la homa ya nyani, ameonekana Taveta mpakani. Na kipindupindu nacho hutuzuru mara kwa mara bila ya kualikwa. Maradhi hayangoji mpaka sisi tumalize ubishi wetu. Ni bora tuyajue mambo ya dini yetu wakati akili zimetulia.

Jawabu ya suala la kwanza ni kwamba wenye kusema hivyo hawakuijua tawakkul ni kitu gani. Tawakkul ni kazi ya moyo, na kujikinga ni kazi ya viungo, wala moja haiikatai nyingine. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, kwa madai kwamba amemtegemea Mungu, Bwana Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Na nahodha aingiaye bahari kuu na chombo kinachovuja, akasema Mungu yupo, sisi watu wa pwani hatumwiti mcha Mungu. Twajua jina lake.

Watajibu: Mbona Mtume amekanusha kuambukiza? Hadithi hiyo ni sahihi, lakini waichukua nusu yake. Alilolikanusha ni itikadi ya Waarabu wa ujahili kwamba maradhi yana nguvu yao wenyewe, yaruka yatakavyo nje ya amri ya Mwenyezi Mungu. Ama kwamba Mungu ameyajaalia kuwa na sababu za kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hilo Mtume mwenyewe amelithibitisha alipokataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima, na alipokataza kuingia mji wenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia.

Na sahaba walifahamu hivyo. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake walimpa khabari ya tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliosilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, nao wote wakaafikiana kwamba arudi na watu. Abu Ubayda bin Jarrah, na hakika alikuwa mtu mkubwa, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu, kama mchungaji aliye kati ya bonde lenye malisho na bonde kavu: popote atakapochunga amo ndani ya kadari. Kisha ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume iliyowafiki rai hiyo. Basi tutamwambia nani kwamba imani yake ni haba? Umar?

Tauni hiyo, iitwayo tauni ya Amwas, iliwaua watu wengi wa Sham katika mwaka wa 18 wa Hijra, yaani mwaka 639. Abu Ubayda akafa nayo, kisha Muadh bin Jabal, na uongozi ukamfikia Amr bin Aas. Huyu akawaamrisha watu watawanyike milimani, wakatawanyika, mpaka Mwenyezi Mungu akaiondoa. Khabari ikamfikia Umar wala hakuikataa.

Sasa tazama yaliyotokea kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye serikali ikaamrisha vyuo vikuu vifungwe kabla ya kwisha juma lile. Wako waliosema, na neno lao si la kudharauliwa, kwamba kuwapakia maelfu ya vijana katika mabasi na kuwapeleka kila upande wa nchi ni kinyume cha hadithi isemayo mtu asitoke mji wenye tauni. Rai yetu ni kwamba vyuo wakati ule havikuwa bado mji wa tauni, kwa kuwa waliojulikana nchini kuwa na maradhi walikuwa watatu tu. Kuwatawanya watu ndilo jambo alilolifanya Amr. Lau maradhi yangalikuwa yameshaingia mabwenini, kuwapeleka vijana kwa bibi zao kungalikuwa ni kuyalipia nauli maradhi. Na kwa hakika yalipozidi Mombasa, njia za kuingia na kutoka zilifungwa tangu Aprili mpaka Julai, jambo ambalo ndilo khasa hadithi inalolitaka. Uzito wake twaujua sote, wala hakuna aujuaye zaidi ya watu wa Mji wa Kale, waliofungiwa ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Hapa yafaa tutaje jambo moja ambalo wengi hawapendi kulisikia. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, naye ni baba aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni. Amesimulia kwamba katika mwaka wa 833 wa Hijra (mwaka 1430) watu wa Cairo walifunga siku tatu, kisha wakatoka jangwani wote pamoja kuomba dua ya kuondolewa tauni. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arubaini. Kabla ya mwezi kwisha, walipita elfu kwa siku. Sisi hatusemi kwamba dua haina faida, audhubillahi! Dua ni silaha ya muumini. Twasema kwamba dua haikutaka msongamano, na mtu aweza kulia mbele ya Mola wake chumbani peke yake. Basi ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watu waliofunga na kuomba, itakuwaje kwa aendaye kunywa kombe kisha akaingia katika ukumbi wa mihadhara wenye watu mia tatu huku akikohoa?

Na wengine kati yetu walijigamba kwamba sisi twatia udhu mara tano kwa siku, maradhi yatatufikaje. Udhu ni ibada na ni usafi, walakini maji matupu si sabuni. Mdudu wa korona amefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ndiyo iupasuayo. Tena wataalamu wamethibitisha kwamba njia yake kubwa ni hewa ya mahali palipofungwa, ambayo mmoja huitoa na mwenziwe huivuta. Katika mwaka 2020 nchi nyingi zilipoteza mali kwa kuwapitisha watu katika vibanda vya kunyunyizia dawa, na Mei mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema kwamba kumnyunyizia mtu dawa hakumtibu wala hakumzuii kuambukiza, bali kwaweza kumdhuru. Dirisha lililo wazi halina gharama. Mwenye kusimamia bweni ambalo madirisha yake yamepigwa misumari na asome maneno haya mara mbili.

Tuje kwenye suala la pili, nalo ndilo kubwa. Jawabu yetu ni kwamba yamlazimu kusema, na kuficha ni khiyana. Na sababu yake ni hii. Bweni si nyumba. Nyumbani mtu akiugua, mama humjua kwa macho yake kabla hajanena. Bwenini wanalala wanne au sita katika chumba kimoja, huyu ametoka Lamu, huyu Garissa, huyu Kwale, wanatumia bomba moja na choo kimoja, na kila mmoja ana siri yake. Tena maradhi haya ya korona yana hila: kijana huyahisi kama mafua madogo, au asiyahisi kabisa, na aweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili kutokea. Siku ya Ijumaa hupanda matatu akaenda kwao kuzuru. Nyumbani yupo bibi yake mwenye sukari na pumu, hujifurahisha kwa kumwona mjukuu, humkumbatia na kumkalisha karibu naye sinia moja. Kijana hurudi chuoni Jumatatu akiwa mzima. Baada ya siku kumi hupigiwa simu.

Huyo hakuua kwa kusudi, wala sisi hatumhukumu aliyekuwa hajui. Maneno yetu ni kwa aliyejua, akanywa dawa ya kushusha homa ili apite langoni kwa askari mwenye kipimo, kwa kuchelea kukosa mtihani. Sharia yetu imekataza mtu kumdhuru mwenziwe, na mtihani waweza kurudiwa.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar alimwona mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba pamoja na watu, akamwambia kwa upole kwamba lau angekaa nyumbani kwake asiwaudhi watu. Akakaa. Umar alipokufa, mtu mmoja akamwendea akamwambia kwamba aliyemkataza ameondoka, basi na atoke. Yule mwanamke akajibu kwamba yeye si wa kumtii Umar akiwa hai na kumwasi akiwa maiti. Ewe kijana msomaji, mwanamke huyu hakusoma chuo kikuu, hakuwekewa askari mlangoni wala faini. Nasi tuliwaona watu wenye vyeti vikubwa wakibeba barakoa kidevuni kama ndevu, wakiipandisha puani wamwonapo askari na kuishusha akiisha pita. Walikuwa wakimwogopa nani?

Lakini haki haina upande mmoja. Chuo kinachomtaka mwanafunzi aseme kweli hakina budi kumfanya asiwe na khasara kwa kusema. Tulijifunza hayo mwaka 2020, pale waliowekwa karantini walipotakiwa kulipa gharama zao wenyewe, mpaka serikali ikaja kuyaondoa malipo hayo katika majengo yake; na mtu maskini akijua kwamba kusema ni kutozwa, huficha. Basi mgonjwa apewe mtihani wake baadaye bila ya kuomba radhi kama mwizi, apelekewe chakula na maji ya moto, na awe na mtu wa kumuuliza hali kila siku. Ikiwa atafungiwa chumba na kusahauliwa, hayo si matibabu.

Na wazee wa mji nao wana sehemu yao. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho sehemu yake ilitengwa kwa wagonjwa wa korona mwaka 2020, asili yake ni ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, waliyoizoea wazee kwa jina la MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Unguja, Mabohora na wengineo. Waliotoa mali yao walitaka watoto wa Kiislamu wapate ufundi, na mali ile ikaja kulaza wagonjwa wa kila dini; twataraji thawabu yao imezidi. Basi aliyetoka huko akiwa amepona asionyeshwe vidole barazani, wala mwenye nyumba asikatae kumpangisha chumba. Aibu mnayompa yeye leo ndiyo itakayomfundisha mwingine kunyamaza kesho.

Ama suala la tatu, jawabu yake ni nyepesi. Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekula kitunguu thomu asiukaribie msikiti kwa sababu ya harufu yake, mwenye kuambukiza ana haki zaidi ya kuzuiliwa. Na Ibn Abbas alimwamrisha mwadhini wake, siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, awaambie watu wasali majumbani mwao. Basi aliyetengwa ana udhuru, na atasali Adhuhuri rakaa nne, wala halipi kitu baadaye. Akikosa maji au akikatazwa na daktari kuyagusa, atatayamamu. Asimfuate imamu wa Ijumaa kwa simu kutoka chumbani, kwa kuwa wanazuoni wengi hawakuisahihisha sala hiyo. Kusikiliza khutba ni kheri, kufuata ni jambo lingine. Wala waliotengwa pamoja wasisimamishe Ijumaa yao wakiwa watano au sita, maana katika madhehebu yetu ya Shafii yataka wanaume arubaini wakazi wa mahali hapo. Lakini Adhuhuri waweza kuisali jamaa, wakiwa wote ni wagonjwa wa maradhi hayo hayo, na madirisha yakiwa wazi.

Wallahu aalam.