Mlima wa Moto na Dhamiri ya Mtu

Siku moja, baada ya mafundisho ya dini, kijana mmoja alisimama akauliza neno ambalo wengi wanalo moyoni. Alisema: «Mwalimu, tunaambiwa ya kuwa dunia inapata joto kwa makosa ya watu. Lakini shuleni tumesoma ya kuwa zamani sana, kabla ya mtu ye yote kuwako, milima ya moto iliipasha dunia joto kupita hili la leo. Basi, kosa letu liko wapi?»

Swali hili halifai kufukuzwa kwa maneno ya ukali. Kwanza tukubali ya kuwa aliyosoma ni kweli.

Katika nchi ya Siberia, huko Urusi, yapata miaka milioni 252 iliyopita, ardhi ilipasuka na mawe yaliyoyeyuka yakamwagika, si kwa siku moja, bali kwa mamia ya maelfu ya miaka. Sisi wa Kivu tunayajua mawe hayo. Tuliyaona yakiingia Goma tarehe 17 Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021 yalishuka kutoka Nyiragongo. Lakini hayo yetu ni kijiko cha uji mbele ya yale ya Siberia, yaliyofunika nchi kubwa kama Kongo yote.

Tena si moto wenyewe ulioua zaidi. Chini ya ardhi ya Siberia mlikuwa na makaa ya mawe, mafuta, chokaa na chumvi. Mawe ya moto yalipita katikati ya vitu hivyo, yakavichoma kama chungu juu ya mafiga, na hewa ya kaboni ikapanda angani kwa wingi. Ndiyo hewa ile ile tunayoiita mazuku, ambayo hulala mabondeni karibu na Goma bila kuonekana, ikaua mbuzi, na mara nyingine mtoto aliyemfuata mbuzi. Juu angani haikabi mtu pumzi, lakini inalifunika joto kama blanketi. Maji ya bahari za nchi za joto yakazidi joto kwa digri 8 hata 10, na hewa ya kuvuta ikapungua ndani yake. Zaidi ya aina nane katika kila kumi za viumbe vya bahari zikaisha kabisa. Mamilioni ya miaka yakapita ndipo uhai ukasitawi tena.

(Mkristu asifadhaike kwa hesabu ya miaka hiyo. Mungu hana haraka kama sisi, wala Kanisa halitufundishi kuusoma ukurasa wa kwanza wa Biblia kama kalenda ya ofisini.)

Sasa turudi kwa kijana wetu. Fikiri ya kuwa radi imepiga nyumba ya jirani yako, ikaungua. Hakuna baraza litakaloiita radi. Mwaka wa pili mtu anachoma majani shambani mwake, upepo unavuma, watu wanamwonya, naye anaendelea. Nyumba ya jirani inaungua tena. Je, akisimama mbele ya wazee na kusema, «Hata radi iliichoma mwaka jana», wazee watamwacha aende zake? Watacheka kwanza, kisha watamtoza.

Katekisimu inatufundisha ya kuwa dhambi ya mauti inataka mambo matatu: jambo zito, kujua, na kukubali kwa hiari. Siberia ilikuwa na jambo zito. Haikujua, wala haikukubali. Sisi tunajua. Hata marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, aliitaja milima ya moto kati ya sababu za kubadilika kwa hali ya hewa, lakini alisema ya kuwa joto la miaka hii latoka zaidi katika kazi za watu. Na hesabu ni wazi: volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata sehemu moja katika mia ya hewa ya kaboni tunayotoa sisi, ambayo imepita tani bilioni 35. Mlima Pinatubo wa Ufilipino, ulipolipuka mwaka 1991, hata uliipoza dunia kidogo kwa mwaka mmoja au miwili, kwa sababu ya ukungu wa kiberiti.

Tena ajabu ni hii: tunachofanya sisi ndicho kile kile kilichofanyika Siberia. Tunafukua makaa ya mawe na mafuta, tunayachoma. Tena, kwa vipimo vya wataalamu, kila mwaka tunatoa kaboni kuliko ilivyotoka kila mwaka wakati ule.

«Tunatoa» nani? Hapo ndipo penye uzito. Mama wa Goma anayenunua gunia la makala, kwa kuwa umeme haufiki kwake, anajua kidogo na hiari yake ni ndogo zaidi. Watoto wanataka kula jioni hii. Sithubutu kumweka katika benchi moja na tajiri wa nchi za mbali ambaye anajua yote na ana njia nyingine. Lakini yule mfanyabiashara wa hapa kwetu anayepeleka malori msituni usiku, naye anajua. Kijana aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole ya kuwa mjomba wake ana lori.