Joto Lisiloua

Kuna joto linaloua, na kuna joto linalomwacha kiumbe hai lakini likamkata kizazi. La pili halina maiti, ndiyo maana tunachelewa kulihesabu.

Mwaka 1945, Raymond Cowles, mtaalamu wa wanyama huko California, alichapisha pamoja na mwenzake uchunguzi juu ya mjusi mdogo wa jangwani ambaye mchana hujificha chini ya magogo ya yuka. Madume waliwekwa kwenye joto wanaloweza kulivumilia. Hawakufa, ila chembe zinazotengeneza mbegu za kiume katika korodani zao ziliharibika.

Korodani za mamalia wengi huning'inia nje ya mwili, penye ubaridi kidogo. Za mjusi zimo tumboni, na mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Kinga yake ni kivuli tu. Lakini akishinda kivulini hapati chakula, na mwenye njaa hana nguvu za kuzaa. Mwaka 2010 Barry Sinervo na wenzake walieleza kwamba asilimia 12 ya makundi ya mijusi waliyoyafuatilia Mexico yalikuwa yametoweka tangu 1975. Joto lilikuwa limewapunguzia mijusi saa za kutoka nje, hasa msimu wa kuzaliana.

Sasa, nani amekosewa hapa? Dume aliyepoteza mbegu bado anaota jua asubuhi, hajui kilichomtoka. Watoto wake hawakuwahi kuwepo, na asiyekuwepo hana pa kupeleka mashtaka. Mwaka 1984 mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliuliza swali la jamaa moja na hili kuhusu watu wa vizazi vijavyo, akaona kwamba kosa laweza kuwepo hata kama hakuna mtu mahususi wa kulalamika.

Nakubaliana naye, na naona Kiswahili kilitangulia kutofautisha. Kuua ni kumwondolea mmoja maisha yake. Kukata kizazi ni kuufunga mlango ambao wengi wangepitia. Tukipima uharibifu kwa mizoga pekee, tutalihesabu la kwanza na kulisamehe la pili.

Mlalamikaji anaweza kukosekana. Mtendaji yupo: ni sisi tunaochoma mafuta na makaa, wengine zaidi ya wengine. Kwangu hilo latosha kuliita kosa, hata kabla ya mjusi wa mwisho kutoka kivulini.