X Nyekundu Inamaanisha Nini?

Chora X kwenye daftari la mtoto wa darasa la pili, atajua amekosa. Chora hiyo hiyo kwenye karatasi ya kura, kando ya jina la mgombea, na umesema ndiyo. Kwa hesabu ni kitu ambacho bado hatukijui, mtindo ulioenezwa na kitabu cha Descartes cha 1637. Mwisho wa meseji ya mpenzi ni busu. Na kwa ukuta wa nyumba hapa Nairobi, ikiwa nyekundu, ni notisi: hapa patabomolewa.

Ni mistari miwili tu imekatana. Sasa maana iko wapi?

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini jina moja nilitoka nalo: Ludwig Wittgenstein. Kitabu chake kilichochapishwa 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, kinasema kwa ufupi kwamba mara nyingi maana ya neno ni vile linavyotumika. Usilipasue ukitafuta maana ndani kama kokwa ya embe. Angalia watu wanalifanyia nini.

Mtaani kwetu kuna ploti iliyopigwa X zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Mwezi wa kwanza wapangaji walilala jicho moja wazi. Tingatinga halikuja. Siku hizi fundi wa viatu pale chini akielekeza wateja kwa simu anawaambia, "Shukia steji, uliza kwa X." Keja zinaendelea kupangishwa. Notisi imegeuka anwani.

Kwa hivyo maana ni ile tunayoipa sisi, kila msee na yake? Hapo sikubali. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma na takriban watu 50 wakafa. Viongozi walisema lilikuwa limeshatengwa kubomolewa. Wapangaji walikuwa bado wanaishi ndani. Mvua haikungoja watu wakubaliane kuhusu maana ya chochote.

Ni rahisi kusema watu wanaobaki kwenye nyumba kama hizo wanapuuza onyo. Lakini mtu mwenye kodi ya mwezi mmoja tu mfukoni, na dipositi yake iko kwa mwenye ploti, hajiulizi X inamaanisha nini. Hilo analijua. Anajiuliza kama aliyeipiga anamaanisha. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, na nadhani kiko sahihi: alama inamaanisha kitu pale tu ambapo kuna mtu nyuma yake anayemaanisha.

Alama kumi zisizofuatwa na lolote zinafundisha mtaa mzima kwamba ya kumi na moja ni rangi tu. Huo si ujinga wa kusoma. Watu wamesoma kile walichoonyeshwa, mwaka baada ya mwaka, na wamesoma vizuri. Anayepiga X kisha anapotea hajaonya mtu. Amemharibia yule atakayekuja kesho na onyo la kweli.

Na onyo la kweli tungelitambua. Lingekuwa na tarehe, nambari ya simu inayoshikwa, dipositi mkononi, na pahali pa kupeleka watoto na godoro usiku huo.